Bawa la Juu na Bawa la Chini

Kiswahili cha mwambao hakikuwahi kuwa maskini wa maneno ya chombo na upepo. Jahazi peke yake limebeba msamiati wa kujaza kamusi ndogo: omo na tezi, foromali na henza, demani na joshi, goshi na mkuku. Ngalawa nayo ina yake, na hata ile miti ya pembeni inayoizuia isipinduke haikuachwa bila ya jina. Lakini katika miaka hii ya karibuni, katika pwani ya mashariki ya Unguja, kutoka Bwejuu kupita Paje hadi Jambiani, kimeingia chombo ambacho wazee wa tanga wakikitazama hunyamaza kidogo kabla ya kusema neno. Mtu husimama juu ya ubao. Mikononi ameshika bawa lililojazwa hewa, ambalo halikufungwa popote kwenye ubao wenyewe. Chini ya ubao umetoka mlingoti ulioelekea chini badala ya juu, na mwisho wa mlingoti huo pana bawa jingine, dogo, gumu, linalopita majini kama samaki. Kasi ikitosha, ubao huyaacha maji, na mtu akaenda zake kimya, nusu mita juu ya bahari, kana kwamba hakuna kinachomchukua.

Vijana wa ufukweni hukiita kwa jina la kigeni walivyolisikia, na sehemu ya mkononi huitamka "wingi", neno ambalo kwa Mswahili ni habari ya vitu kuwa vingi na wala si ya kuruka. Wako wanaopendekeza kile cha chini kiitwe pezi. Pendekezo si baya kwa sikio, ila lina upungufu wa maana: pezi la samaki humwongoza na kumtuliza, ilhali kitu hiki kazi yake kubwa ni kumbeba mtu. Kinachobeba kwa kupita, iwe hewani au majini, ni bawa. Basi chombo hiki kina mabawa mawili, la juu na la chini, na baina yake amesimama binadamu.

Bawa la chini ndilo kongwe. Mtaliana Enrico Forlanini alikwishaiinua mashua yake juu ya maji ya Ziwa Maggiore kwa mabawa ya namna hiyo mwaka 1906, na mwaka 1919 chombo cha Alexander Graham Bell, yule wa simu, kilikwenda kwa mabawa ya majini mwendo wa kilomita 114 kwa saa huko Kanada. Bawa la juu, hili la kujazwa pampu na kushikwa mkononi, lilitengemaa baadaye sana, kwenye mwaka 2018 na 2019, hasa katika kisiwa cha Maui kule Hawaii. Kutoka huko hadi Paje halikuchukua muda. Paje palikuwa na upepo, palikuwa na maji yaliyozuiliwa na mwamba, na palikuwa tayari na wageni wa tiara za baharini.

Si mchezo wa bei nyepesi. Seti mpya iliyokamilika, katika maduka ya Ulaya, huweza kudai yuro 2,000 hadi 3,500, na wapo wanaolipa zaidi. Kwa hiyo mgeni akikosea kuchagua ubao wa kwanza, amepoteza likizo moja na kununua mwengine. Kwa kijana wa kijijini kosa hilo hilo lina uzito mwengine kabisa.

Kijana mmoja wa Jambiani, ambaye jina lake halina haja hapa, alifikiwa na jambo hilo mwishoni mwa kusi, wageni walipoanza kufunga mizigo. Kazi yake ilikuwa ni kujaza pampu, kubeba mbao na kushika kamba za tiara za watu. Kazi hiyo hulipwa kwa bahashishi, ilhali mwalimu wa mchezo wenyewe hulipwa kwa saa, na tofauti ya malipo hayo mawili ni tofauti ya maisha mawili. Alikuwa na akiba ya misimu miwili. Nusu yake, kwa haki, ilikuwa ya mama yake, mkulima wa mwani, aliyemkabidhi fedha za mavuno kwa maneno machache: azitumie kwa kitu kitakachorudi.

Mgeni mmoja alikuwa akiondoka Jumamosi na hataki kurudi na vyombo vyake. Alitaja bei ambayo, kwa haki, ilikuwa ni hisani. Ubao ulikuwa wa lita 60, mfupi, mwepesi, rangi yake haijachubuka. Bawa la chini lilikuwa jembamba na refu, la kaboni, lenye eneo la sentimita 900 za mraba. Mlingoti wa sentimita 85. Bawa la juu la mita 4 za mraba. Kijana alikuwa amemwona mwenyewe akivitumia muda wa wiki tatu, akikata maji ya Paje kwa namna ambayo waogeleaji walisimama kutazama. Na uzito wao, yule mgeni na kijana, ulikuwa karibu sawa. Mtego wenyewe ulikuwa hapo. Jicho lilimwambia kwamba kinachomfaa yule kitamfaa na yeye.

Hesabu ya ubao ni hesabu ya dumu, na kila mtu wa pwani anaiweza. Kila lita ya hewa iliyozamishwa majini hubeba kilo moja hivi. Kijana ana kilo 68. Ubao wenyewe una kama kilo 7, mlingoti na bawa lake la chini kilo 5, bawa la juu na fulana ya kinga na maji yaliyonywewa na nguo, kilo 3. Jumla kilo 83. Ubao wa lita 60 ni madumu matatu ya maji. Ukisimama juu yake, huzama nawe. Aliyekwisha kujua hulipiga goti lake juu ya ubao uliozama, akalipandisha bawa la juu hewani, akangoja upepo umkokote mpaka ubao uibuke, ndipo asimame. Ni ufundi mzuri kuutazama. Anayeanza hana ufundi huo, na hawezi kuupata juu ya kitu ambacho hakimpi hata nafasi ya kusimama ajifunze. Ndiyo maana walimu hutoa kipimo kisichohitaji kalamu: chukua kilo zako, ongeza 30 hadi 40, hizo ndizo lita zako. Kwa kijana huyu ni lita 100 au 110, na upana usiopungua sentimita 70. Ubao wa lita 110 ungembakishia lita 27 za ziada. Hizo ndizo zinazomsamehe mguu unapokosea mahali.

Wasomaji wa mashairi hawatalishangaa jambo hili. Anayeanza kutunga huelekezwa kwenye utenzi, mizani nane, mishororo mifupi, pumzi ipatikane upesi. Hapelekwi siku ya kwanza kwenye shairi la mizani 16 lenye vina vya kati na vya mwisho, akazama humo na vina vyake. Si bure kwamba aina za mashairi huitwa bahari. Tofauti ni kwamba mtunzi mchanga akizama huchafua karatasi tu.

Bawa la chini lina hesabu yake, nayo ndiyo inayowadanganya wengi, kwa sababu haionekani. Maji ni mazito kuliko hewa mara 800 hivi. Kwa hiyo kipande chenye urefu wa dhiraa mbili na upana usiofika shubiri, sentimita 1,800 za mraba kwa jumla, kinatosha kumwinua mtu mzima na ubao wake, wakati bawa la juu linalomvuta lina ukubwa wa mara 28 ya hicho. Nguvu hiyo ya kuinua hukua upesi kuliko kasi: kasi ikiwa maradufu, nguvu huwa mara nne. Bawa dogo, basi, huinua vizuri kama kubwa, ila linataka kasi kwanza. Lile la mgeni, la sentimita 900, lingemtaka kijana aende kwa kasi iliyozidi kwa karibu asilimia 40 kabla ya kuyaacha maji, na likishamwinua lisingemvumilia apunguze. Anayeanza hana kasi. Anachokihitaji ni bawa nene, pana kiasi, la sentimita 1,500 hadi 2,000, lenye kuinuka polepole na kushuka polepole, kama punda mzee anayejua njia. Halitamfikisha mbali kwa haraka. Litampa sekunde tano hewani, kisha kumi, na sekunde hizo ndizo darasa lenyewe.

Mlingoti nao una shauri lake, na hapa elimu ya vitabu vya kigeni haitoshi, kwani vimeandikwa kwa maziwa na bahari zenye kina. Paje na Jambiani zina maji yanayokwenda na kurudi. Siku za bamvua tofauti baina ya kupwa na kujaa hufika karibu mita nne. Maji hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi, hata mtu akatembea kwa miguu kuelekea mwambani, na hujaa kwenye saa kumi jioni. Siku za maji mafu bahari haiendi mbali wala hairudi sana. Mlingoti wa sentimita 85 na bawa lake unataka maji ya kifuani, la sivyo utagonga mchanga, au jiwe, au wale wadudu wenye miiba mirefu meusi ambao kila mtoto wa huku amewahi kuwakanyaga. Na mtu anayekwenda kasi bawa lake likigota chini, yeye haigoti. Huendelea na safari peke yake, kichwa mbele. Mlingoti wa sentimita 60 au 70 unamfaa zaidi anayejifunza kwenye maji ya aina hii: hauinui juu sana, na kuanguka kwake ni kufupi.

Kuna na jambo la mwani, ambalo kwa mama wa kijana lilikuwa ndilo la kwanza na si la mwisho. Tangu mwaka 1989, kilimo cha mwani kilipoanza kwa biashara katika vijiji hivi hivi, wanawake wamepanda vigingi na kutandaza kamba mchangani, ndani ya maji ambayo leo ndiyo yanayotamaniwa na wenye mbao. Maji yakijaa sawasawa, kamba ziko mbali chini. Yakiwa nusu, mlingoti mrefu hupita humo kama panga. Mwenye mbao huona kidogo tu amevutwa mguu. Mwenye kamba hukuta asubuhi mavuno yamekwenda na mkondo. Mtoto wa mkulima akinunua mlingoti, hununua na dhamana ya kujua mashamba yako wapi. Inafaa kusemwa wazi kwamba si wageni wote wanaolijua hili, na si wenyeji wote wanaowaambia.

Siku ya pili kijana alimleta mjomba wake, nahodha wa ngalawa, aione mali kabla ya kuinunua. Mzee alizunguka ule ubao, akauinua kwa mkono mmoja, akaurudisha chini taratibu. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa bawa la chini, akakitazama kidole.

"Huyu mgeni wako," akauliza, "alijifunzia huu?"

"Hapana mjomba. Alianza na mkubwa."

"Uko wapi huo mkubwa?"

"Kasema aliuuza, zamani."

"Basi mwanangu, huo aliouuza ndio unaoutafuta wewe."

Kijana akajibu kwamba bei kama hii haitarudi. Mzee hakubishana naye juu ya bei. Alimkumbusha tu kwamba alipokuwa na miaka saba alipewa kasia fupi na akawekwa kwenye mtumbwi mzito kuliko yote pale pwani, uliokuwa ukinuka na kuvuja, na kwamba alilia. "Ulilia, lakini hukuanguka majini." Kisha wakaenda kusali alasiri, na mgeni akavifunga vyombo vyake kwenye mfuko wake mrefu, bila ya kinyongo, muuzaji mwema hana kosa kwa kuwa na kitu kisichomfaa mnunuzi.

Kilichofuata hakikuwa na mapambo. Kijana hakununua seti; alinunua kipande kipande. Cha kwanza kilikuwa bawa la juu, lililokwishatumika, la mita 5 za mraba, kwa sababu kwa uzito wake na kwa upepo wa huku, ambao mara nyingi huwa baina ya noti 12 na 20, hilo ndilo litakalomvuta siku nyingi zaidi. La mita 4 lingemfaa siku za kusi kali, wakati ambao anayeanza hafai kuwa majini. Alilijaza pampu asubuhi, akaliacha kivulini hadi adhuhuri, akalibonyeza: mpira wa ndani haukuwa umepoteza pumzi. Alikagua mishono penye mikono, akakuta kiraka kimoja kilichobandikwa vizuri, na akapunguziwa bei kwa kiraka hicho. Alipenda pia kwamba lilikuwa na madirisha ya plastiki angavu. Bawa lisilo dirisha humziba mtu upande mzima, na upande huo unaweza kuwa na mama anayevuka na gunia la mwani kichwani.

Wakati huo tangambili ilikuwa imeingia, upepo hauna uamuzi, leo huku, kesho hakuna. Wengi huuona kuwa msimu wa hasara. Kijana aliutumia mchangani, bawa mkononi, akijifunza kuligeuza, kulitua, kulipindua likiangukia mgongo, bila ya maji kumchanganya. Kisha akaazima ubao mpana wa kupiga kasia wa wageni, ule wa kusimama, usio na mlingoti wala bawa la chini, na siku za upepo mdogo akaenda na kurudi juu yake. Hapo ndipo utoto wake wa ngalawa ulipomlipa. Kubisha hakuna haja ya kufundishwa aliyelelewa kwenye tanga: anajua mwilini kwamba huwezi kuukabili upepo usoni, kwamba lazima uuibie pembeni, tezi ikisaidia omo. Wageni wengi hukaa wiki nzima wakirudishwa na upepo na kutembea ufukweni na mbao zao kichwani. Yeye alitembea siku tatu.

Ubao na bawa la chini alivipata kaskazi ilipokaribia, kwa mtu aliyevikinai: lita 110, umechubuka pembe zote, mzito, sura yake kama mlango, bawa la sentimita 1,800, mlingoti wa alumini, sentimita 70. Vyote vilikuwa vya kiwanda kimoja, na hilo alilishikilia, kwani mlingoti wa huyu hauingii kwenye bawa la yule, na duka la kipuri liko mbali kuliko Dar es Salaam. Kabla ya kutoa fedha aliomba jambo moja ambalo muuzaji hakulitarajia: skrubu zote zifunguliwe mbele yake. Mbili zilikuwa zimekwama. Chuma cha pua kikikaa ndani ya alumini penye maji ya chumvi, alumini huliwa na skrubu hugandana nayo, hata siku moja mlingoti ukawa haufunguki tena wala haufungiki. Walizimwagia mafuta, wakangoja usiku kucha, zikalegea. Lau zisingelegea, asingenunua.

Vitu vidogo vilimgharimu kuliko alivyofikiri, lakini hakuvipunguza. Kofia ngumu, maana lile bawa la chini halimjui mwenyewe na linapoibuka baada ya kuanguka hujui litaibukia wapi. Fulana ya kinga, ielee na iuzuie ubavu. Kamba ya ubao mguuni na kamba ya bawa mkononi, kwani ubao uliomponyoka mtu hauendi peke yake kwa amani. Huenda kwa watu. Na viatu vya mpira, kwa sababu ya miiba. Kuhusu mahali hakuwa na shaka: katika pwani ya mashariki, kusi na kaskazi zote mbili huja na pembe ya kumrudisha mtu nchi kavu. Aliye upande wa Mji Mkongwe wakati wa kusi akipoteza bawa, upepo humpeleka Bara.

Akiba haikumalizika. Kilichobaki kilirudi kwa mama, naye akanunua kamba mpya.

Mara ya kwanza ubao ulipoyaacha maji ilikuwa siku ya bamvua, saa kumi jioni, na ilikuwa kwa muda wa mtu kusema jina lake na la baba yake. Akaanguka kwa nyuma. Siku hiyo hiyo ikatokea mara sita nyingine. Kufikia mwisho wa kaskazi alikuwa akikaa juu kwa mita hamsini, mara nyengine mia, moja kwa moja kama mwanambuzi aliyekatiwa kamba, asijue bado kugeuka bila ya kutumbukia. Kila jioni hufungua skrubu, akaziosha kwa maji ya kisima, akazipaka grisi, akazirudisha. Mwanafunzi mwenziwe, aliye mwepesi na mwenye haraka, amekwisha kumwuliza mara mbili kama ule mlango wake unauzwa. Amemjibu kwamba utauzwa, na bei itakuwa nzuri, lakini si kabla hajageuka kushoto na kulia akiwa juu, na nguo zake kavu.